Mkanda Mzuri, DVD Mbovu: Picha ya VHS Huharibikia Wapi?

Mama mmoja wa Tanga aliniletea mikanda miwili ya VHS ya harusi ya mwaka 1992, pamoja na DVD aliyokuwa ameshachomewa kutokana na mikanda hiyo hiyo. Katika DVD, sehemu ya juu ya picha ilipinda kuelekea kulia kama mnazi uliozoea upepo, fremu za milango zilitetemeka hali kuta zimetulia, na maua ya kanga yaligeuka vitofali vidogo vya rangi kila wanawake walipoanza kucheza. "Mwanangu, kwenye deki yangu na ile TV ya chogo harusi inaonekana vizuri tu," aliniambia. Niliweka mkanda wa kwanza kwenye deki, nikaiunganisha na televisheni ya chogo ninayoitunza kwa kazi hiyo, na kweli, harusi ilionekana vizuri tu.

Wengi wakikutana na hali hiyo huilaumu kompyuta, au DVD yenyewe, au husema kwamba mkanda umezeeka. Lawama ya kwanza na ya pili mara nyingi huelekezwa pasipo, na ya tatu, katika mfano huu, ilikwisha kukanushwa na TV ya chogo. Kilichokuwa kimeharibika hakikuwa rangi wala mwanga wala ung'avu, bali wakati: mistari ya picha ilikuwa ikifika mapema au ikichelewa, na kifaa kilichoipokea hakikuwa na subira nayo.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kuangalia namna mkanda unavyoandikwa. VHS, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya JVC nchini Japani mwaka 1976, huhifadhi picha kwenye utepe wa sumaku wenye upana wa milimita 12.7. Katika mfumo wa televisheni wa PAL, ambao ndio uliotumika Tanzania, Kenya, Uganda na Oman, utepe huo hutambaa kwa mwendo wa milimita 23.39 tu kwa sekunde, mwendo mdogo mno kwa mawimbi ya picha. Kwa sababu hiyo vichwa vya deki, vinavyoandika na kusoma picha, havikuwekwa mahali pamoja vikausubiri utepe upite, bali vilipachikwa kwenye ngoma ya metali yenye kipenyo cha milimita 62, ambayo huzunguka mara 25 kwa sekunde huku utepe umeikumbatia kwa mshazari. Kila kichwa kikipita juu ya utepe huacha mchirizi mmoja wenye upana wa mikroni 49 hivi, mwembamba kuliko unywele wa kawaida, na ndani ya mchirizi huo imo nusu ya picha. Nusu yenye mistari ya witiri ikipandana na yenye mistari ya shufwa, hupatikana picha moja kamili, na picha kamili ni 25 kwa sekunde.

Kila mstari wa picha unatakiwa uchukue mikrosekunde 64, si zaidi wala pungufu. Lakini utepe ni plastiki: hutanuka kwa joto, husinyaa, huvutwa na mikono ya deki, na mpira unaousukuma ukishakauka huusukuma kwa kusitasita. Mstari mmoja hufika kabla ya wakati, unaofuata huchelewa, na pale juu ya picha, ambapo kichwa kimoja kimetoka tu kumpokeza mwenzake kazi, mvutano wa utepe hubadilika na mistari mingi huyumba kwa pamoja. Hicho ndicho chanzo cha mnazi niliouona kwenye DVD ya yule mama.

Televisheni ya chogo ilikuwa mfuasi mtiifu. Mwanzoni mwa kila mstari deki hutuma mpigo wa mwongozo, na televisheni iliufuata mpigo huo. Mpigo ukichelewa kidogo, nayo ilichelewa kidogo, na jicho halikuhisi chochote. Isitoshe, kingo za picha zilifichwa nyuma ya fremu ya kioo, hivyo ule utepetepe wa mistari michache inayochezacheza chini kabisa ya kila picha ya VHS hatukuwa tukiuona kamwe, ingawa ulikuwepo siku zote. Mashine ya kurekodia DVD, au kifaa kidogo cha kunasia video kinachochomekwa kwenye kompyuta, haina utiifu huo. Ina saa yake yenyewe. Hukata kila mstari vipande 720 kwa mapigo ya saa hiyo, na mstari uliochelewa huuandika ukiwa umechelewa, ukabaki hivyo daima. Mipigo ikivurugika zaidi, kifaa huitupa nusu-picha nzima, au hurudia iliyotangulia, na hapo ndipo mwendo huanza kuruka na sauti kuachana na midomo.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote au kumlaumu yeyote, picha itazamwe katika vituo vyake vyote, kimoja baada ya kingine. Mkanda utazamwe kwanza ukitoka kwenye deki moja kwa moja hadi kwenye televisheni ya zamani. Kisha deki iunganishwe na mashine ya kurekodia, na televisheni iunganishwe na mashine hiyo, bila kurekodi chochote. Baada ya hapo irekodiwe dakika moja na itazamwe kutoka kwenye diski kuu, kabla ya kuchomwa. Mwisho itazamwe DVD. Kasoro itakuwa imeingia kati ya kituo cha mwisho kilichoonyesha vizuri na cha kwanza kilichoonyesha vibaya. Jaribio hili halichukui robo saa, na nimeshangaa mara nyingi kuona watu wakibadilisha programu tatu za kompyuta kabla ya kulifanya, wakati kasoro yao ilikuwa kwenye kichwa cha deki kilichojaa uchafu.

Tuanze basi na mkanda, kwa sababu kosa la hapo halirekebishiki mbele. Jambo la kwanza kabisa ni kuvunja kile kijiti cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti, kama hakijavunjwa, ili kidole kilichokosea kisije kikaifuta harusi. La pili ni kuutazama utepe kupitia dirisha la kaseti. Ukiona unga mweupe au utando mithili ya wa buibui juu ya mviringo wa utepe, hiyo ni kuvu, nayo ni ugonjwa wa kawaida kwa mikanda iliyokaa kwenye makabati na masanduku ya pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ambako unyevu hauondoki hata wakati wa kiangazi. Mkanda wa namna hiyo usiwekwe kwenye deki ya kazi. Kuvu huziba vichwa, hubaki kwenye njia ya utepe, na mkanda wa jirani utakaowekwa baada yake huondoka na mbegu zake.

Mkanda wa pili wa yule mama ulikuwa na kuvu upande mmoja. Nilifungua skrubu tano za chini ya kaseti nikiwa nimefunga barakoa, nikiwa nje barazani na si ndani, nikaikausha mizunguko miwili ya utepe kwa siku kadhaa kwenye kopo lililofungwa lenye vifuko vya kunyonya unyevu. Juani sikuianika, kwa kuwa jua huukunja utepe. Kuvu iliyokauka hubadilika kutoka utando kuwa unga. Nikaufuta unga huo pembeni mwa mviringo kwa brashi laini, nikaihamishia mizunguko kwenye ganda la kaseti nyingine iliyo safi, kisha nikaupitisha utepe wote polepole katikati ya kitambaa kisichoacha nyuzi, kwa kutumia deki mbovu niliyoitenga kwa ajili ya kusokota tu. Kazi hiyo ilinichukua jioni nzima kwa mkanda mmoja. Utepe wa saa tatu una urefu wa takriban mita 258, na hauna njia ya mkato.

Mkanda usio na kuvu nao hautakiwi kuchezwa hapo hapo baada ya kulala miaka 20. Usokotwe hadi mwisho na kurudishwa mwanzo mara moja, ili mvutano wake ulingane tena. Pia, ukitolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa sebuleni penye joto la Dar es Salaam, uachwe saa kadhaa. Umande mwembamba usioonekana juu ya ngoma hutosha kuugandisha utepe na kuukunja.

Swali lingine la kumuuliza mwenye mkanda ni iwapo huo ndio mkanda mama. Harusi za miaka ya 1980 na 1990 zilizalisha nakala kwa wingi: moja ya wazazi wa bwana, moja ya bibi harusi, moja ya shangazi aliyeko Muscat, na huyo shangazi naye akawatolea wengine. Kila nakala ya VHS hupoteza kitu. Rangi, ambayo katika VHS ya PAL huteremshwa na kupakiwa kwenye mawimbi ya kilohezi 627, ina nafasi finyu tangu mwanzo, na kila nakala huifanya ivuje zaidi nje ya kingo na kushuka chini kidogo, hadi midomo mekundu inakaa kidevuni. Hakuna programu inayoirudisha ipasavyo. Kupiga simu mbili tatu kwa ndugu kutafuta mkanda mama kutakupa picha bora kuliko mashine yoyote ya bei kubwa.

Sasa deki. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwezi Julai 2016, kwa hiyo deki zote tunazotumia leo ni za mtumba au zilizosahaulika kabatini. Chenga zilizotapakaa picha nzima, hasa zikianza ghafla katikati ya mkanda, karibu kila mara maana yake ni kichwa kilichoziba. Bendi ya chenga iliyokaa chini au juu ya picha, huku sehemu iliyobaki ni safi, ni jambo tofauti: kichwa hakipiti katikati ya mchirizi, na dawa yake ni kitufe cha trekingi, kibonyezwe taratibu hadi bendi hiyo itoke nje ya picha. Vistari vyeupe vifupi vinavyopita kama vimondo ni mahali ambapo unga wa sumaku umebanduka, na hivyo havina dawa kwenye deki.

Kichwa husafishwa kwa kipande cha ngozi laini kilicholowanishwa kwa alkoholi safi ya isopropili. Ngozi hushikwa imetulia ubavuni mwa ngoma, na ngoma ndiyo inayozungushwa kwa mkono wa pili, polepole. Ngozi isipandishwe wala kuteremshwa, kwa kuwa ncha za vichwa ni nyembamba na huvunjika kwa mwendo huo. Vijiti vya pamba vya masikioni visitumike kabisa kwenye ngoma, maana nyuzi zake hunasa kwenye ncha hizo hizo. Spiriti ya kusafishia vidonda nayo huweza kuwa na mafuta ndani yake, na mafuta kwenye ngoma ni kuongeza tatizo juu ya tatizo. Mpira unaousukuma utepe unaweza kusafishwa kwa kijiti cha pamba, na ukishang'aa kama kioo ubadilishwe.

Kuna mikanda iliyorekodiwa kwa mwendo wa nusu, unaojulikana kama LP, ili kaseti ya saa tatu ibebe saa sita. Michirizi yake ni nusu ya upana, na deki moja huweza kuisoma vizuri wakati nyingine, nzuri zaidi kwa bei, inaionyesha chenga tupu. Nimejifunza kutoamini deki moja. Mkanda ukinisumbua, naujaribu kwenye deki tatu kabla ya kuuhukumu, na mara nyingi inayoshinda ni ile niliyoidharau.

Kituo kinachofuata ni waya, nako pana makosa ya urithi. Kwa kuwa televisheni nyingi za zamani hazikuwa na matundu ya AV, yaani ya waya za picha na sauti, watu walizoea kutoa picha ya deki kwa waya wa antena, wakaitafuta kwenye chaneli ya 36 au ya karibu nayo. Njia hiyo huipandisha picha kwenye mawimbi ya redio kisha huishusha tena, ikichukua njiani mistari ya mshazari na kelele za kila kifaa cha jirani. Kwa kurekodi, waya wa njano wenye nyekundu na nyeupe ndio wa chini kabisa unaokubalika. Deki za S-VHS, aina ya VHS yenye picha bora zaidi, zilizoanza mwaka 1987, zina tundu la S-video linalotenganisha mwanga na rangi, na tofauti yake huonekana hata kwenye mkanda wa kawaida wa VHS, kwani zile nukta zinazotambaa kwenye kingo za maandishi hupotea. Bendi pana za kivuli zinazopanda au kushuka polepole hutokana na umeme: deki na kompyuta zimechomekwa kwenye soketi tofauti, au chaja ya kompyuta inavujisha. Chomeka vyote kwenye soketi moja, au tumia betri ya kompyuta wakati wa kurekodi.

Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, au ikiviringika isitulie, tatizo si ubora bali ni lugha. Marekani na Kanada zilitumia mfumo wa NTSC wenye mistari 525 na takriban picha 30 kwa sekunde. PAL ina mistari 625 na picha 25. Ufaransa na nchi kadhaa za Afrika zilizoifuata zilitumia SECAM. Mkanda wa mahafali uliotumwa na ndugu kutoka Toronto ni wa NTSC, na hapa ndipo penye mtego ambao umewapotezea watu muda mwingi. Deki nyingi za PAL zilizouzwa kwetu zinadai kucheza NTSC, na kwenye televisheni zinacheza kweli. Kinachotoka kwenye deki hizo, hata hivyo, ni mchanganyiko: mistari 525 ya Marekani iliyovikwa rangi ya PAL. Televisheni huukubali mchanganyiko huo bila neno, ila mashine nyingi za kurekodia haziutambui, zikatoa picha isiyo na rangi au iliyopasuka. Inatakiwa deki inayotoa NTSC halisi, na DVD ichomwe ikiwa NTSC vile vile. Kuigeuza kuwa PAL ni kuiharibu bila faida, kwa kuwa mashine za kuchezea DVD zilizoenea kwetu kwa kawaida husoma mifumo yote miwili.

Tumerudi kwenye wakati. Kifaa kinachosahihisha majira ya mistari hujulikana kwa herufi tatu, TBC. Hupokea mistari iliyoyumba, huihifadhi kwa kitambo kidogo, kisha huitoa upya ikiwa imepangwa kwa mapigo ya saa. Pana aina mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza husahihisha mstari mmoja mmoja, nayo ndiyo inayonyoosha mnazi na kutuliza fremu za milango. Imo ndani ya baadhi ya deki za S-VHS za JVC na Panasonic. Ya pili hushika picha nzima na kuitoa kwa mwendo usiobadilika, ili kifaa cha kunasia kisitupe picha na sauti isiachane na midomo. Mkanda uliochoka huhitaji zote mbili, na mwenye ya pili peke yake hatakiwi kushangaa kuona mnazi ukiendelea kupinda.

Vifaa hivyo ni ghali na havipatikani kwa urahisi Kariakoo wala Mombasa. Njia ya mafundi wa kipato cha kawaida ni kutumia mashine ya zamani ya kurekodia DVD kama kichujio: picha huingia kutoka kwenye deki na kutoka upande wa pili kwenda kwenye kompyuta, bila kurekodiwa ndani yake. Baadhi ya mashine hizo, hasa Panasonic DMR-ES10 na ES15, zina ndani yake usahihishaji wa mistari wenye nguvu kuliko bei yake inavyodokeza. Hulainisha picha kidogo, hilo sitalificha, lakini kati ya picha laini iliyonyooka na kali inayotetemeka, nachagua laini.

TBC hutatua pia fumbo la mashine inayokataa kurekodi mkanda wa nyumbani ikidai kwamba una ulinzi wa nakala. Filamu za kuuzwa ziliwekewa ulinzi wa Macrovision, ambao ni mipigo ya ziada iliyofichwa kwenye mistari isiyoonekana, nayo huifanya nakala ing'ae na kufifia kwa zamu. Filamu hizo zina wenyewe na haki zao. Lakini harusi ya Tanga haina Macrovision. Mashine imeona mipigo iliyochakaa ikaidhania kuwa ni ulinzi, na mipigo ikipangwa upya hurekodi bila kinyongo.

Vile vitofali kwenye kanga vilikuwa na sababu nyingine kabisa, nayo ni ya hesabu. DVD ya kawaida ya safu moja hubeba gigabaiti 4.7, sawa na megabiti 37,600 hivi. Zikigawanywa kwa saa moja, hupatikana zaidi ya megabiti 10 kwa sekunde, na kiwango cha juu cha picha ya DVD chenyewe ni 9.8. Kwa saa mbili hupatikana 5.2. Kwa saa tatu 3.5, na kwa saa nne 2.6, kabla hata ya kuitolea sauti sehemu yake. Aliyechoma DVD ya yule mama alikuwa ameibana mikanda yote miwili, karibu saa tano, kwenye diski moja, ili apunguze gharama.

Filamu ya sinema huweza kubanwa hivyo ikavumilika, kwa sababu MPEG-2, namna DVD inavyofungasha picha, huhifadhi zaidi kile kinachobadilika kati ya picha na picha. Ukuta uliotulia haugharimu kitu. VHS haina ukuta uliotulia. Kila chenga ni kitu kipya kwa mashine, na mstari unaotetemeka ni kitu kinachotembea, hivyo mashine hutumia megabiti zake kuhifadhi chenga kwa uaminifu, na wanawake wanapoanza kucheza haijabakiwa na akiba ya kanga. Ndiyo maana kusafisha kichwa na kunyoosha mistari huondoa pia vitofali, jambo ambalo mtu anayetazama upande wa kompyuta pekee hawezi kulitarajia. Saa moja hadi moja na nusu kwa diski ndiyo kanuni yangu. Saa mbili ikiwa mkanda ni safi.

Pana njia ya kati ambayo haipewi heshima inayostahili. VHS ina ung'avu wa mistari 240 hivi kwa upana unaolingana na kimo cha picha, ambao katika picha ya 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu, ni sawa na takriban pikseli (nukta za picha) 320 kutoka ukingo hadi ukingo. DVD ya PAL ina pikseli 720 kwa 576, lakini kiwango chake kinaruhusu pia 352 kwa 576, ambacho kinautosha mkanda. Kwa hiyo ikiwa ni lazima saa tatu ziingie kwenye diski moja, ni bora kupunguza upana hadi 352, ili megabiti zilezile zihudumie pikseli chache, kuliko kung'ang'ania 720 zilizojaa vitofali. Mistari 576 ya wima isiguswe. Anayeipunguza hadi 288 anatupa nusu-picha moja kati ya kila mbili, na mwendo wa wachezaji hupoteza ulaini wake.

Nusu-picha hizo ni chanzo cha kasoro mbili zaidi zinazoonekana kwenye kompyuta. Meno ya kitana kwenye kingo za kitu kinachotembea si ugonjwa: ni nusu mbili za nyakati tofauti zikionyeshwa kwa pamoja, na televisheni huzipanga yenyewe, kwa hiyo zisiunganishwe kwa nguvu kabla ya kuchoma. Lakini mwendo ukiwa wa kurudi nyuma na kwenda mbele, kana kwamba watu wanatetemeka kwa homa, nusu hizo zimepangwa kinyume. Video iliyonaswa kwa njia ya DV, mfumo wa kidijitali wa kamera za mikanda midogo, huanza na nusu ya chini, na programu nyingine hudhani kwamba kila kitu huanza na ya juu. Ni mpangilio mmoja tu wa kubadilisha, kisha video itayarishwe upya.

Mwanga nao uangaliwe kabla ya kurekodi. Vifaa vya bei nafuu huja vikiwa vimepandishwa mwanga, na katika harusi zetu matokeo yake ni kwamba kanzu chini ya taa ya mpiga picha inakuwa bonge la weupe lisilo na mikunjo, na mabuibui yanakuwa shimo jeusi. Kilichokatwa wakati wa kunasa hakipo kwenye faili, hivyo kukishusha baadaye hakukirudishi. Mimi hutafuta kwenye mkanda mahali penye kanzu na mahali penye buibui, nikashusha mwanga hadi mikunjo ya kanzu ionekane, ndipo narudisha mkanda mwanzo. Na ikiwa nyuso za watu zimepanuka kama zimevimba, ni uwiano wa 4:3 uliovutwa kujaza televisheni bapa, jambo la kurekebisha kwenye rimoti.

Diski zenyewe hazina mengi. Ikiwa faili kwenye diski kuu inacheza vizuri na DVD inakwama, hasa kuelekea mwisho, tatizo ni diski duni au iliyochomwa kwa kasi kubwa. Chomea kasi ya wastani, usibandike stika ya karatasi juu yake, na faili ya asili usiifute, kwa kuwa diski za kuchomea huathiriwa na joto na mwanga.

Mikanda ya yule mama ilimaliza kazi ikiwa diski nne. Mnazi ulinyooka, milango ikatulia, na maua ya kanga yanaonekana, ingawa nyekundu bado inavuja kidogo na televisheni yake mpya ya inchi 55 inaukuza kila udhaifu ambao ile ya chogo iliuficha. Palibaki sekunde sita katika mkanda wa pili, mahali ambapo kuvu ilikuwa imekula utepe hadi kwenye plastiki, wakati bibi harusi anashuka garini. Deki zote tatu zilionyesha chenga. Nilifikiri kuzikata, kisha nikaziacha, kwa kuwa sauti ya vigelegele kwenye sekunde hizo, iliyoandikwa kwenye mchirizi wake wa ukingo wa pili wa utepe, ilikuwa imesalimika yote.